Mtangulizi wa Torleif Sandvær

"Umesahau nini tena, Bwana Sandvær?"

Mwenye nyumba ya wageni, Bibi Abildgaard, aliuliza hivyo bila kuinua uso kutoka kwenye shuka alizokuwa akikunja. Torleif Sandvær alikuwa bado kizingitini, sanduku mkononi, kofia kichwani. Alikuwa ametoka melini moja kwa moja, na tangu azaliwe hakuwa amekanyaga Copenhagen wala kumwona mwanamke huyu.

"Sijasahau kitu," alisema. "Ndiyo kwanza nafika."

"Kwanza wapi! Si umepanda juu sasa hivi? Nimesikia viatu vyako, nikakwambia chumba ni cha mwisho, upande wa kulia, nawe ukaguna. Nikasema moyoni, huyu ni Mnorwe kweli, hata salamu anaiweka akiba." Akacheka, kisha akamtazama, na kicheko kikapungua. "Labda ni mgeni mwingine."

"Labda."

"Ila leo sina mgeni mwingine," alisema Bibi Abildgaard, akarudi kwenye shuka zake.

Torleif alipanda. Mlango wa chumba cha mwisho ulikuwa wazi kidogo. Ndani mlikuwa na kitanda, beseni, kiti, na dirisha lililotazama uani. Ukingo wa kitanda ulikuwa umebonyea, kama mahali alipokaa mtu akifungua kamba za viatu. Alipoweka kiganja pale, palikuwa na joto. Na chumba kizima kilinuka utomvu wa msonobari, harufu ya kiwanda cha mbao cha kwao Namsos, ambako alipima magogo tangu ujana wake. Koti alilovaa lilikuwa jipya, halijapata kuingia kiwandani.

Mtu mwingine angeshuka mbio. Torleif alikaa palepale penye joto, akavua kofia.

Kwao Norwe jambo hili lina jina. Huitwa vardøger, yaani mtangulizi. Mtu akiwa njiani kurudi nyumbani, walio ndani husikia viatu vyake vikikung'utwa theluji mlangoni, ufunguo ukizunguka, koti likitundikwa. Wakienda kutazama hawaoni mtu. Baada ya kitambo mwenyewe hufika, akafanya yote yale upya. Wala hakuna anayeogopa. Mama yake Torleif, Bibi Ingebjørg, akimsikia mtangulizi wa mumewe alibandika birika la kahawa, ili mume aje alikute linachemka. Sharti lilikuwa moja tu, nalo watoto walifundishwa kama wanavyofundishwa kutochezea moto: usimjibu. Usimkaribishe, usimwulize kitu, hata uwe na hamu kiasi gani. Nyamaza mpaka uone uso.

Hapa Denmark hawana habari hiyo. Mtangulizi wake alikuwa amepanda ngazi, na mwenye nyumba alikuwa amemkaribisha na kumwelekeza chumba.

Torleif alilifikiria hilo kidogo, akaliacha. Alikuwa na ganzi.

Ganzi yenyewe ilikuwa imeingia mwaka wake wa pili. Mwanawe wa pekee, Eilif, alikuwa akivuka ziwa mwezi Machi, barafu ikamwachia. Torleif mwenyewe alichagua mbao za jeneza, akazipima, akasimamia zinavyokatwa, na tangu siku ile hakulia wala hakulitaja jina la kijana. Alikwenda kazini akarudi, akala alichopewa. Mkewe, Gunnvor, alimsubiri kwa upole, kisha kwa hasira, na mwishowe akamkatia tikiti yeye mwenyewe na kumsindikiza mpaka kwenye behewa la treni iendayo Oslo, kwenye meli.

"Torleif, nimechoka kuishi na kabati," alimwambia. "Nenda ukaone mji wa watu. Ukatembee, ukashangae, hata ukalewe ukipenda. Lakini ukirudi, mtaje mtoto wetu mbele yangu. Mara moja tu. Usipoweza, mimi nahamia kwa dada yangu aliyeko Steinkjer, na sirudi."

"Nimesikia," alijibu. Na alisikia kweli, kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi anavyolisikia koleo la daktari wa meno. Unajua kinachong'olewa, lakini huumii.

Basi akatoka kwenda kushangaa, kama alivyoagizwa. Mji ulikuwa umefurika jua la Juni na baiskeli. Watu walikaa nje wakinywa bia kana kwamba hakuna kazi duniani. Alipita mbele ya maduka yenye vioo virefu, akatazama vyombo vya udongo vyeupe na bluu, akatazama kofia, akatazama chemchemi ambamo watoto walikuwa wakirushiana maji. Aliona kwamba ni vizuri. Hakuhisi vizuri wala vibaya.

Njaa ilipomkumbuka aliingia katika mkahawa mmoja wa chini, wenye madirisha yanayotazama miguu ya wapita njia. Hajavuta kiti, mhudumu akaja mikono kiunoni. Alikuwa mwanamke wa makamo, nywele kafungia kitambaa chekundu.

"Hee! Nyani wa milimani amerudi! Hukushiba?"

Wadenmark wakiwatania Wanorwe huwaita hivyo, na Torleif hakukasirika. "Mama, mimi sijala hapa," alisema.

"Niite Merete, kama ulivyoniita mwanzo. Na hiyo ni sahani ya nani?"

Alionyesha meza ya pembeni, ambayo alikuwa bado hajaifuta. Palikuwa na sahani yenye mifupa ya heringi, na maganda ya mkate mweusi yaliyokatwa kwa kisu na kupangwa ukingoni, moja juu ya jingine, kama mbao zinavyopangwa uwanjani zikauke. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akifanya hivyo. Gunnvor alimcheka kwa tabia hiyo tangu wakiwa wachumba.

"Aliyekaa pale," Torleif aliuliza polepole, "alisema nini?"

"Anajifanya hajijui!" Merete akamgeukia mpishi dirishani. "Msikie! Mtu kaingia, nimesikia kiti kinavutwa, nikasema karibu, tuna heringi safi. Nageuka, ni wewe, umenuna kama mlango wa gereza. Nikakutania, ukanitania. Ile hadithi yako ya mchungaji na mbuzi imenivunja mbavu. Mpaka sasa mbavu zinauma."

Hadithi ya mchungaji na mbuzi ilikuwa ya Torleif. Aliisimulia kila Krismasi, zamani, wakati Eilif akiimalizia kabla yake na kuiharibu.

"Imelipwa?" aliuliza.

"Imelipwa, na bakshishi juu. Unataka kula tena?"

Alitakiwa kusema ndiyo. Alilijua hilo baadaye. Alitakiwa kukaa kwenye kile kiti, kula kilicho chake, kusimulia kilicho chake. Lakini njaa ilikuwa imekwisha kumtoka. Tumboni mlikuwa mmetulia kama mwa mtu aliyekula, na akaona usumbufu wa kuanza upya ni mkubwa kuliko faida.

"Hapana," alisema. "Kama nimekula, nimekula."

Merete alimtazama usoni kwa mara ya kwanza, akakunja kitambaa cha kufutia meza. "Umeumwa ghafla?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Yule wa mwanzo... wewe wa mwanzo ulikuwa na rangi."

Alitoka akafuata umati. Katikati ya mji kuna mnara wa zamani wa mviringo, usio na ngazi. Ndani yake barabara ya matofali inapanda ikizunguka, pana kiasi cha farasi kupita. Mlangoni alikaa mzee mmoja mkata tikiti, Bwana Thygesen, kama kibao cha mezani kilivyosema. Torleif alipomkaribia, mzee alisimama, akavua miwani.

"Nilitaka nikwambie ukishuka, lakini sikukuona ukishuka," alisema. "Pole sana kwa kijana wako, ndugu yangu. Mimi nami nilizika mmoja. Eilif, siyo? Jina zuri. Ulivyolitamka, nalisikia mpaka sasa."

Torleif alishika ukingo wa meza. Hakuhisi hofu, bali alihisi mahali ambapo hofu ingekaa, kama ulimi unavyohisi pengo.

"Nililitamka vipi?" aliuliza.

Bwana Thygesen alishangaa. "Vipi? Ukilia. Nami nikalia. Tumekaa hapa wazee wawili tunalia mbele ya watalii, na mwanamke mmoja akatupa peremende." Kisha macho yake yakatulia kwenye uso wa Torleif, usio na hata alama ya chozi, na mkono wake uliokuwa umenyooshwa ukarudi taratibu mezani. "Samahani, bwana," alinong'ona. "Wewe ndiye?"

Torleif aliuachia ukingo wa meza. Aliingia mnarani.

Ukutani madirisha yalikuwa yameacha jua liingie kwa mafungu, na kati ya fungu na fungu palikuwa na kivuli baridi kama cha ghala. Alipanda, na alipokuwa amepanda kidogo akasikia juu yake, nyuma ya kona ya ukuta, viatu. Vilikuwa vizito, kimoja kikiburura kidogo, kwa sababu mguu wake wa kushoto uliwahi kuangukiwa na gogo na haukupona sawasawa. Alisimama, navyo vikasimama. Alipokwenda vilikwenda, si pamoja naye bali mbele kidogo, vikiamua kabla yake lini mguu uinuke, hivyo kwamba baada ya muda hakuweza kujua ni yeye anayetembea na vile vinamtangulia, au ni vile vinavyotembea na yeye ni mwangwi unaoburutwa nyuma kwa kuzunguka na kuzunguka, huku harufu ya utomvu ikizidi kuwa nzito mpaka machozi yasiyo ya huzuni yakamjaa machoni, na sauti, sauti yake mwenyewe lakini yenye damu ndani yake, ikawa inasema juu kule kwa utulivu kama baba anayemwita mtoto aje kula, Eilif, Eilif, Eilif, na kila ilipoita yeye alijikuta midomo yake imefunguka kuitikia au kuita, hakujua kipi, na hakuna kilichotoka.

Kileleni hapakuwa na kitu ila upepo, mapaa mekundu, na wanafunzi wawili wakila andazi. Kisha toka chini, kutoka ndani ya mnara alimopita sasa hivi bila kupishana na mtu, alisikia viatu vikishuka. Havikuburura tena. Vilikwenda haraka, vyepesi, kama vya mtu anayesubiriwa mahali.

Alishuka naye, akatembea mpaka mfereji wa Nyhavn, kwenye nyumba za rangi na baa za mabaharia. Hapo mtu alimwita kwa Kinorwe.

"Wee! Wa Namsos!"

Alikuwa mzee mwembamba aliyekaa ukingoni na chupa ya bia, shati la mistari, mkono mmoja umechorwa nanga. Alijitaja kuwa Anfinn, mtu wa Bodø, kaskazini mwa Norwe, mpishi wa melini aliyeachishwa na uzee.

"Umejuaje natoka Namsos?" Torleif aliuliza.

"Kiatu cha mtu wa mbao kinanuka utomvu, na lafudhi yako..." Anfinn akasita. "La, lafudhi sijaisikia mpaka sasa. Keti. Keti, nakwambia." Akateremsha sauti. "Kitambo kidogo viatu vimepita hapa, vyenyewe, bila mtu. Vilisimama mbele yangu. Nikanusa msonobari. Kitu kikaniamkia kwa Kinorwe cha Namsos, kikaniita mzee mwenzangu. Mimi nimelelewa na bibi yangu, nikatia chupa mdomoni nikanyamaza, mpaka kikachoka. Kikaenda kule, zinakofungwa meli za Oslo. Niambie kweli, mwana kwetu. Kimejibiwa?"

"Kimejibiwa."

"Na nani?"

"Na kila mtu."

"Wadenmark!" Anfinn alitema mate, mfereji ukayapokea. "Watu wa maneno! Hata jiwe likikohoa watalikaribisha kahawa. Kimekula?"

"Heringi."

"Kimecheka?"

"Na kimelia," alisema Torleif. "Kimemtaja mwanangu, ambaye mimi simtaji."

Mashua ya watalii ilipita, mtu akapunga mkono, hakuna aliyempungia.

"Sikiliza," Anfinn alisema hatimaye, na sasa alikuwa akinong'ona kabisa. "Mtangulizi siku zote huenda kwenu. Hata ukiwa mwisho wa dunia, njia yake mwisho wake ni mlango wako. Kikifika kikapokelewa na mwenye nyumba, basi aliyefika amefika. Anayekuja nyuma ni kelele tu. Mkeo anajua kunyamaza?"

"Anajua. Ni mtu wa Namsos."

"Hatakijibu?"

Torleif aliyatazama maji. "Kuna neno moja analolingoja," alisema. "Akilisikia ukumbini, atajibu."

"Neno gani?"

Midomo ya Torleif ilifunguka, ikafungwa.

"Yesu wangu," alisema Anfinn. "Basi ni hilo hilo. Nenda kapige simu. Litamke wewe, kwa mdomo wako, mkeo akusikie, kabla hakijaanza kuvua viatu. Akishakusikia wewe, hakitakuwa na la kumpa. Unanielewa? Kimbia, bwana!"

Torleif alishukuru, akainuka. Hakukimbia. Alitembea kwa mwendo wake wa kila siku, akasimama kwenye taa za barabarani pamoja na wengine, akangoja ziwake kijani ingawa hakuna gari lililokuwa likija. Alijua kwamba anachelewa. Njia nzima alikuwa akijaribu jina mdomoni bila sauti, nalo lilikaa kama jiwe chini ya ulimi.

Simu ya Bibi Abildgaard ilikuwa ukutani ukumbini, karibu na mlango wa jikoni. Mwenyewe alikuwa jikoni, anamenya viazi, jua la jioni limejaa kwenye vioo.

"Tumia tu, Bwana Sandvær!" alipaza sauti bila kutoka. "Msalimie mkeo! Mwambie tunakutunza!"

Alimpa mtu wa mitambo ya simu jina la mji na namba. Akasubiri akisikiliza mlio wa baharini uliomo ndani ya nyaya. Kengele ilianza kulia, mbali, katika ukumbi alioujua, wenye vigingi vya makoti vitatu na kimoja kisichotumika. Ililia kwa muda. Kisha ikapokewa.

"Sandvær," ilisema sauti.

Ndivyo alivyojibu simu daima, kwa jina la ukoo, bila kingine. Ilikuwa sauti yake kama angekuwa amelala vizuri.

Torleif aliubana mkono wa simu sikioni. Nyuma ya sauti ile alimsikia Gunnvor akilia. Hakuwa amemsikia akilia hivyo, hata makaburini. Kilikuwa kilio cha mtu aliyetua mzigo, kinachokatizwa na kicheko na kupenga kamasi, na katikati yake maneno: "...na ile siku alipouza viatu vyako kwa jirani, unakumbuka? Eilif wetu, jamani..."

"Nakumbuka," sauti ilimwambia pembeni, kwa upendo. Kisha ikarudi kwenye simu. "Hallo? Nani mwenzangu?"

"Ni nani, Torleif?" Gunnvor aliuliza.

"Sijui. Hasemi."

"Nipe mimi."

Simu ikabadilisha mikono. Pumzi ya mkewe ikamjia sikioni, yenye unyevu, karibu kabisa, kama alipokuwa akilala upande ule. "Hallo?" alisema Gunnvor. "Hallo, kuna mtu? Usiogope, sema tu."

Sasa jina lilikuja. Lilipanda lenyewe kifuani mpaka kooni, zima, na uchungu wake wote, na kwa kitambo kifupi Torleif Sandvær alihisi kila kitu: barafu, mbao, mikono ya kijana. Ilimpasa afungue mdomo tu. Na Gunnvor, akisubiri, alicheka kidogo kwa kitu alichofanyiwa na mtu aliyesimama nyuma yake, kicheko cha msichana, ambacho hakikuwa kimesikika katika nyumba ile tangu Machi ile ya ziwa.

"Samahani, mama," alisema. "Nimekosea namba."

"Hakuna neno," alijibu Gunnvor kwa furaha. "Jioni njema."

Alirudisha mkono wa simu mahali pake. Jina lilikuwa limekwisha kushuka, na chini ya mahali lilipokuwa hapakuwa na kitu, hata ganzi.

"Umempata mkeo?" Bibi Abildgaard aliuliza kutoka jikoni.

"Nimewapata."

"Hawajambo?"

"Hawajambo wote."

Kisu kilinyamaza. Bibi Abildgaard alitoka akifuta mikono kwenye aproni, uso umejaa tabasamu la kupokea habari. Alitazama simu. Alitazama mahali aliposimama Torleif, mkabala naye, kiasi cha kugusana. Kisha akatazama ngazi, na tabasamu likawa halina pa kukaa.

"Bwana Sandvær?" aliita.

"Nipo hapa," alisema Torleif.

Mwanamke aligeuza kichwa ghafla, kama mtu aliyesikia ubao ukilia sakafuni. Akasogea mpaka chini ya ngazi, akashika nguzo yake, akaita tena, kwa sauti ya juu zaidi, kuelekea chumba cha mwisho upande wa kulia.